Vitenzi vya Kiingereza vya kuimarika na kuzorota: mwongozo kamili wa kuvijua na kuvitumia

Kiingereza kina vitenzi vingi vya kueleza jambo linalopata nguvu au linaloharibika, lakini wanafunzi wengi hushika vitatu tu: *increase*, *decrease* na *improve*. Vitatu hivyo hubebeshwa kila mzigo: maumivu, ugomvi, bei, homa, dhoruba na urafiki. Msikilizaji ataelewa kwa juujuu, ila picha haimfikii. Hajui kama maumivu yalilipuka ghafla au yalipanda taratibu, wala kama ugomvi umepoa wenyewe au umepozwa na mtu.

Dawa ya kawaida ni orodha. Mtu anapewa *worsen*, *deteriorate*, *exacerbate* na *aggravate* katika mstari mmoja, kisha anaambiwa maana ya vyote ni kuwa mbaya zaidi. Orodha ya namna hiyo inapotosha, kwa sababu ukivibadilishana vitenzi hivyo vinne, sentensi nyingi zitavunjika. Kinachohitajika ni njia ya kuvipanga, na mzungumzaji wa Kiswahili anayo tayari. Anajua bila kufundishwa kwamba kudhoofika si kudhoofisha, kuongezeka si kuongeza, na kuzorota si kuzorotesha. Ujuzi huo ndio uti wa mgongo wa mwongozo huu, na nitaurudia hasa katika hatua ya tatu, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote.

Hatua ya kwanza: anza na *get*, *go* na *grow*

Kabla ya kukimbilia maneno makubwa, hakikisha unaweza kusema jambo hilo kwa maneno madogo. Katika mazungumzo ya kila siku, Waingereza na Wamarekani hutumia *get* kuliko kitenzi kingine chochote cha mabadiliko: "It's getting worse", "She's getting stronger", "The nights are getting colder".

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mwanafunzi. Tunasema "hali inazidi kuwa mbaya", naye anatafuta neno la "kuzidi", kisha la "kuwa", na mwisho anatoa kitu kama "The situation is continuing to be bad". Sentensi hiyo inaeleweka, lakini inasema jambo jingine: kwamba hali ilikuwa mbaya na bado ni mbaya vilevile. Ile "inazidi" yetu hubebwa na kivumishi chenye -er, au *more*, au *worse*: "The situation is getting worse." Ukitaka kusema inazidi kila kukicha, rudia: "worse and worse", "weaker and weaker", au malizia na "by the day".

*Go* huelekea zaidi upande wa kuharibika. Maziwa *go sour*, chakula *goes bad*, mtu *goes blind*, biashara *goes bankrupt*. Si sheria ya chuma, lakini ukiona *go* mbele ya kivumishi, mara nyingi tarajia hasara. *Grow* ina sauti ya maandishi na hutumika kwa mabadiliko ya polepole: "He grew weaker." Kumbuka pia usemi "to go from bad to worse", ambao ni wa kawaida kabisa na unaweza kuutumia popote.

Hatua ya pili: tengeneza vitenzi vyako kwa -en

Kiingereza kina kiambishi kinachogeuza kivumishi kuwa kitenzi cha mabadiliko, nacho ni -en ya mwishoni. *Weak* inazaa *weaken*, *deep* inazaa *deepen*, *wide* inazaa *widen*, *short* inazaa *shorten*, *worse* inazaa *worsen*. Ukijua kanuni yake, unapata vitenzi vingi kwa mkupuo mmoja.

Kanuni ni ya sauti. Kwa kawaida -en hupenda vivumishi vifupi vya silabi moja vinavyoishia na sauti kama t, d, k, p, f, s, sh na th: *tighten*, *harden*, *darken*, *sharpen*, *stiffen*, *loosen*, *freshen*. Kivumishi kikiishia na n, m, ng, l, r au irabu, -en hukataa kukaa. Hakuna *slowen* wala *coolen*. Vivumishi hivyo hutumika vyenyewe kama vitenzi, mara nyingi vikifuatana na kijineno: *slow down*, *cool down*, *warm up*, *clear up*, *thin out*.

Hilo linaeleza jambo linalowasumbua wengi: kwa nini tunasema *strengthen* na si *strongen*? Kwa sababu *strong* inaishia na ng. Kiambishi kimelazimika kupitia nomino, *strength*, ndipo kipate pa kushika. *Long* imefanya vivyo hivyo kupitia *length*, ikawa *lengthen*, na *high*, inayoishia na irabu kwa matamshi, imepitia *height*, ikawa *heighten*.

Yapo yaliyokwepa kanuni. *Hot* hutoa *heat*, na *wet* hubaki *wet*. Vingine huchukua en- ya mwanzoni badala ya ya mwishoni: *enlarge*, *enrich*, *enfeeble*. Hivi vya mwanzoni karibu vyote hutaka kitu kinachotendwa, jambo linalotuleta kwenye hatua kubwa.

Hatua ya tatu: uliza kama ni -ika au -isha

Kila unapokutana na kitenzi kipya cha kundi hili, swali la kwanza liwe hili: jambo linabadilika lenyewe, au kuna kinacholibadilisha? Kiswahili hujibu swali hilo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza mara nyingi hakionyeshi kitu, kwa hiyo inabidi ujifunze kila kitenzi pamoja na kauli yake. Vigawe katika makapu matatu.

Kapu la kwanza ni la vitenzi vinavyofanya kazi zote mbili bila kubadilika umbo. Humo mna *improve*, *increase*, *decrease*, *strengthen*, *weaken*, *worsen*, *deepen*, *widen*, *intensify*, *escalate* na *ease*. Tazama *worsen*. "Her cough worsened overnight": kikohozi kimezidi chenyewe. "The dust worsened her cough": vumbi limekizidisha. Kitenzi ni kilekile, na kinachokuambia kauli ni kuwepo au kutokuwepo kwa mtendwa baada yake. Vitenzi vya kapu hili havina hatari kubwa, na ukiwa na wasiwasi, kimbilia humu.

Kapu la pili ni la vitenzi vya kutendeka vyenyewe tu. Haviwezi kufuatwa na kitu kinachotendwa, na kwa hiyo haviwezi kugeuzwa kuwa kauli ya kutendwa. Humo mna *rise*, *fall*, *deteriorate*, *dwindle*, *wane*, *subside*, *thrive*, *flourish*, *flare up*, *die down* na *wear off*. Makosa mengi ninayoyaona hutoka kapu hili, na kinara wao ni *deteriorate*.

*Deteriorate* ni kuzorota. Haina kuzorotesha. Huwezi kuandika "The delay deteriorated his condition". Ukitaka kusema kuchelewa kulimzorotesha mgonjwa, una njia mbili: chukua kitenzi cha kapu la kwanza, "The delay worsened his condition", au mpe *deteriorate* msaidizi, "The delay caused his condition to deteriorate". Wala usiandike "His health was deteriorated". Afya yake imezorota ni "His health has deteriorated", kwa *has*, kwa sababu hakuna aliyeizorotesha ndani ya sentensi. Tofauti ya *has* na *was* hapa ni tofauti ileile ya "imezorota" na "imezoroteshwa", nawe kamwe huzichanganyi hizo mbili katika Kiswahili.

*Decline* inahitaji tahadhari ya pekee. Katika maana ya kushuka au kudhoofu, iko kapu la pili: "Sales declined." Ukiiwekea mtendwa, maana inahama kabisa na kuwa kukataa kwa adabu: "She declined the offer."

Kapu la tatu ni la vitenzi vya kutendesha tu. Hivi haviwezi kusimama bila mtendwa: *raise*, *lower*, *boost*, *bolster*, *reinforce*, *enhance*, *undermine*, *exacerbate*, *aggravate*, *alleviate*, *mitigate*. Ukisema "The pain exacerbated", msikilizaji atabaki anasubiri: ilizidisha nini? Hivi vinakubali kauli ya kutendwa bila shida: "The pain was aggravated by the cold."

Jozi inayotajwa zaidi katika makapu haya ni *rise* na *raise*, na inastahili. *Rise* ni kupanda, *raise* ni kupandisha. Bei *rise*, mfanyabiashara *raises prices*. *Rise* hubadilika ovyo: *rise, rose, risen*. *Raise* ni tulivu: *raise, raised, raised*. Jozi ya upande wa chini ni *fall* na *lower*: joto *falls*, dawa *lowers the fever*.

Namna ya kujua kitenzi kiko kapu gani ni rahisi. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge, ambazo zinapatikana bure mtandaoni, huonyesha kando ya kila maana kama kitenzi ni elekezi au si elekezi. Cambridge hutumia herufi I kwa kinachojitendea chenyewe, T kwa kinachotaka mtendwa, na huandika zote mbili kwa kinachokwenda kote. Watu wengi hupita juu ya herufi hizo wakikimbilia maana. Anza nazo.

Hatua ya nne: tenganisha nguvu na ubora

Kupata nguvu si lazima kuwa kuzuri. *Strengthen*, *intensify*, *deepen* na *grow* hupima nguvu au kiasi. *Improve* na *worsen* hupima uzuri na ubaya. Mara nyingi hivi viwili huenda pamoja, lakini si kila mara, na tofauti hiyo inaonekana vizuri sana katika kimbunga Katrina cha mwaka 2005 nchini Marekani.

Katrina ilipita kusini mwa Florida tarehe 25 Agosti ikiwa kimbunga cha daraja la 1, na kwa kupita nchi kavu *it weakened*. Ilipoingia Ghuba ya Meksiko na kukutana na maji yenye joto, *it strengthened* kwa kasi, na tarehe 28 ilifika daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha Saffir-Simpson, kinachopanga vimbunga kwa kasi ya upepo, ikiwa na upepo wa takriban kilomita 280 kwa saa. Kabla ya kupiga Louisiana tarehe 29 *it weakened* tena, hadi daraja la 3. Ukiishia hapo utadhani habari ilikuwa njema. Lakini kingo za kuzuia maji za New Orleans zilibomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na mafuriko. Kwa hiyo mwandishi anaweza kuandika sentensi hii bila kujipinga hata kidogo: "The storm weakened, but the disaster worsened." Dhoruba ilipungua nguvu, maafa yakazidi.

Kwa hiyo ukitaka kusema jambo baya limezidi, usiruke moja kwa moja kwenye *strengthen*. Dhoruba, sarafu, hoja, misuli na ushirikiano *strengthen*. Njaa, msongamano na ukosefu wa kazi *worsen*. *Deepen* inakaa pande zote: "The crisis deepened" ni habari mbaya, "Their friendship deepened" ni njema. *Ease* inakuja na unafuu: maumivu, mvua na mvutano *ease*.

Vipo vitenzi vyenye sharti juu ya hali ya mwanzo. *Exacerbate* na *aggravate* hutaka jambo ambalo tayari ni baya, na kazi yao ni kutia chumvi kwenye kidonda. Huwezi *aggravate* furaha. Kati ya hivyo viwili, *aggravate* huzoeleka zaidi kwa jeraha na ugonjwa, na *exacerbate* kwa matatizo, uhaba na mivutano, ingawa mipaka yao si ya ukuta. Katika mazungumzo, *aggravate* humaanisha pia kuudhi mtu. *Enhance* inataka kinyume chake: kitu kiwe kizuri tayari, nacho kiongezewe thamani. Ladha, sifa na ubora wa picha *can be enhanced*. Tatizo halina *enhance*.

Hapa asili za Kilatini husaidia kumbukumbu kuliko kukariri. Ndani ya *aggravate* mna *gravis*, uzito, na kwa hiyo ni kuongeza mzigo. Ndani ya *alleviate* mna *levis*, wepesi, yaani kuupunguza mzigo huo. *Exacerbate* inatokana na *acerbus*, uchungu au ukali. *Mitigate* inatokana na *mitis*, ulaini. *Deteriorate* ina *deterior*, kilicho kibaya zaidi, na *ameliorate* ina *melior*, kilicho bora zaidi. *Fortify* ina *fortis*, imara. Ukizishika saba hizi, vitenzi rasmi vinaacha kuwa sauti tupu. Jihadhari na kimoja tu: *enervate*. Kinasikika kama kutia nguvu, na maana yake ni kumnyong'onyeza mtu.

Hatua ya tano: chagua kasi na mwendo

Kiswahili chenyewe hakiridhiki na "kupungua" tu. Tuna kufifia, kudorora, kuporomoka, kudidimia, kumomonyoka, kunyong'onyea. Kiingereza nacho kina mwendo ndani ya kitenzi, na mara nyingi unaweza kupata mwenzake wa Kiswahili na kuvifunga pamoja.

Kuporomoka ni *plummet* au *plunge*: kushuka kwa kasi na kwa umbali mkubwa. Kudorora ni karibu na *slump*, kushuka sana kisha mara nyingi kukaa hapohapo chini, na hutumika kwa uchumi na mauzo. Kufifia ni *fade*: rangi, sauti, kumbukumbu, tumaini. Kumomonyoka ni *erode*, kwa udongo na vilevile kwa imani ya watu au thamani ya akiba. *Undermine* ni ndugu yake wa karibu, lakini ni kuchimba chini ya msingi, mara nyingi kwa tendo la mtu: "His jokes undermined her authority." *Dwindle* ni kwa kitu kinachohesabika au kupimika kinachoelekea kwisha kidogokidogo, kama akiba, umati au chakula ghalani.

*Wane* na *ebb* ni vitenzi viwili ninavyovipenda kwa sababu vinatukumbusha anga na bahari. *Wane* ni mwezi unaopungua baada ya kuwa mpevu, na hutumika kwa hamu, ushawishi na umaarufu. *Ebb* ni maji kupwa, na hutumika kwa nguvu na uhai unaomtoka mtu taratibu, mara nyingi pamoja na *away*: "His strength ebbed away." Kinyume cha *wane* ni *wax*, ambacho siku hizi kimebaki zaidi katika msemo "wax and wane".

Upande wa kupanda, *soar* na *surge* ni kupaa kwa kasi, *climb* ni kupanda kwa mfululizo, na *creep up* ni kunyemelea juu bila watu kugundua. *Dip* ni kushuka kidogo na kwa muda mfupi, kwa hiyo usiitumie kwa anguko kubwa. Kitu kilichoanguka kikirudi juu, kina vitenzi vyake: *recover*, *rebound*, *pick up*, na kwa mgonjwa aliyekuwa taabani akapata ahueni, *rally*. Kikitulia mahali pamoja ni *level off* au *stabilise*.

Hatua ya sita: jifunze kitenzi pamoja na jirani yake

Kitenzi sahihi kisarufi bado kinaweza kusikika kigeni kikikaa na nomino isiyo yake. Njia bora ni kujifunza kwa mada, na mada yenye faida kubwa kuliko zote ni afya, kwa sababu siku utakayohitaji maneno hayo hutakuwa na muda wa kutafuta.

Kwa daktari, uvimbe na homa *subside*, yaani hupungua na kutulia. Maumivu *ease* yakipungua na *flare up* yakilipuka tena, hasa kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka kama pumu au baridi yabisi. Dawa ya maumivu *wears off* nguvu yake inapokwisha mwilini. Hali ya mgonjwa *stabilises*, *improves*, *worsens* au *deteriorates*, na ikigeuka ghafla kuwa mbaya watasema amechukua "a turn for the worse". Anayepona yuko "on the mend". Aliyekuwa amepona kisha ugonjwa ukamrudia *has relapsed*. Uoni na usikivu *deteriorate* au *fail*, na kumbukumbu *fades*.

Ugomvi una ngazi zake. Huanza kwa *simmer*, unachemka chini kwa chini. Ukilipuka ni *flare up*, ukipanda ngazi baada ya ngazi ni *escalate*, ukishindikana kuzuilika ni *boil over*. Ukipoa wenyewe ni *die down*, na pande zikiupunguza makusudi ni *de-escalate*. Mapigano yakipamba moto, *intensify* ndilo neno la waandishi wa habari.

Mahusiano *deepen* na *strengthen*, au *cool* na *sour*. Yakivunjika ni *break down*, kitenzi kilekile kinachotumika kwa gari lililozimika njiani na kwa mazungumzo yaliyokwama. Sarafu *strengthens* na *weakens*, au kwa lugha ya benki, *appreciates* na *depreciates*.

Vitu vya kushika kwa mkono vina usahihi wake: chuma *rusts*, mbao *rots*, jino *decays*, kitambaa *frays* kwenye pindo, ukuta wa zamani *crumbles*, soli ya kiatu *wears out*. Ujuzi usiotumika nao hushika kutu, kwa maana watu husema "My English is getting rusty", na kuunoa upya ni *brush up*.

Hatua ya saba: takwimu, nyakati na matamshi

Ukitaja tarakimu, kihusishi kimoja kinaweza kugeuza taarifa nzima. "The price rose by 20" ni kupanda kwa 20. "The price rose to 20" ni kupanda hadi 20. Katika ripoti, kosa hili ni la hatari kuliko kosa lolote la msamiati. Kitenzi kikigeuzwa kuwa nomino, kihusishi kinachotangulia kilichobadilika ni *in*: "a rise in prices", "an improvement in her health".

Kwa nyakati, jambo linaloendelea sasa huchukua *is* na -ing: "The pain is getting worse." Mabadiliko yaliyoanza zamani na athari yake ipo leo huchukua *has* au *have*: "Her English has improved since January." Mwenendo uliokwisha na wenye tarehe huchukua wakati uliopita wa kawaida.

Matamshi yanastahili dakika chache. *Increase* na *decrease* zikiwa vitenzi mkazo huwa mwishoni, in-KRIIS, na zikiwa nomino mkazo huhamia mwanzoni, IN-kriis. Katika *soften*, *fasten* na *moisten*, ile t haisikiki. *Deteriorate* hutamkwa di-TIA-ri-a-reit, na wengi, hata wenyeji wa lugha, humeza silabi ya katikati. *Exacerbate* ni ig-ZA-sa-beit, mkazo kwenye ZA. Tamka kwa sauti, si moyoni.

Hatua ya nane: rekebisha aya yako mwenyewe

Chukua aya fupi uliyoandika na uipitishe kwenye maswali haya. Hii hapa ni ya mfano, ya mfanyakazi anayemwandikia msimamizi wake:

"My back pain has raised since last week. The long sitting deteriorated it. I took painkillers but after four hours they decreased and the pain increased again. My health is continuing to be bad."

Sentensi ya kwanza ina *raise*, kitenzi cha -isha, na hakuna kilichopandishwa. Hata *risen* haitafaa, kwa sababu maumivu hayana desturi ya *rise*. Hapa *get* inatosha: "My back pain has got worse since last week." Marekani wangeandika *gotten*.

Ya pili ina *deteriorate* yenye mtendwa, jambo lisilowezekana. Mgongo ulikuwa unauma tayari, na kukaa kukauzidisha, kwa hiyo sharti la *aggravate* limetimia: "Sitting for long hours aggravated it."

Ya tatu inasema dawa zilipungua, kana kwamba vidonge vilikuwa kumi vikabaki sita. Kilichokwisha ni nguvu ya dawa, na maumivu yaliyorudi kwa ghafla yana kitenzi chake: "I took painkillers, but they wore off after four hours and the pain flared up again."

Ya mwisho inategemea alichotaka kusema. Kama hajapata nafuu, "My condition isn't improving." Kama anazidi kuumwa, "My condition is getting worse." Mbili hizi si sawa, na msimamizi anayeamua kama ampe ruhusa atazisoma tofauti.

Fanya zoezi hili kwa aya moja kila wiki, kila wiki mada mpya. Kwa usomaji, tafuta taarifa za hali ya hewa, habari za masoko na maelezo ya magonjwa yaliyoandikwa kwa ajili ya wagonjwa, maana aina hizo tatu zimejaa vitenzi hivi na lugha yake ni safi. Unapokinakili kitenzi kwenye daftari, usiandike tafsiri peke yake. Andika sentensi nzima uliyoikuta, pigia mstari nomino iliyo jirani yake, na pembeni weka alama ya kauli kwa Kiswahili: -ika kama kinajitendea chenyewe, -isha kama kinataka mtendwa, na zote mbili kama kinakwenda kote. Kisha kiandikie sentensi yako kuhusu jambo ambalo kweli limebadilika katika wiki hiyo.